Kiti cha Mwimbaji

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, Bwana Kadhi, mabwana na mabibi mlioitwa, na nyinyi mliofika baada ya kusikia kuna halua:

Kabla ya yote, nina heshima kubwa kutangaza kwamba kiti cha Bwana Fadhil, kilichoazimwa kwa ajili ya mwimbaji, kimerudi kwa mwenyewe. Miguu yote minne ni mizima.

Tumekusanyika kumuaga karani wetu wa mahakama, Bwana Hudson Wafula, anayehamishiwa Kakamega. Alifika hapa kwetu Amu mwaka wa pili wa Uhuru, na kwa miaka mitatu tulimwamkia vizuri sana, mlangoni. Nani kati yetu aliingia? Msiinamishe vichwa, hata mimi sikuingia.

Mwezi uliopita akatualika uani kwake, baada ya Magharibi, tusikilize okestra kwenye santuri yake ya betri. Watu mia wanapiga kwa pamoja, akasema. Bwana Fadhil, ambaye taarabu yake ina watu watano na magomvi sita, akauliza, "Na mwimbaji je?"

"Waimbaji wapo, Bwana. Wanakuja mwisho."

Fadhil akaweka kiti mbele, maana mgeni hasimamishwi.

Sahani ya kwanza ya santuri ikaisha, mwimbaji hakuna. Ya pili, hakuna. Watu wakatazama viatu vyao. Bwana Wafula akawatazama watu, jasho likimtoka kama mshtakiwa. Angetoka mmoja tungetoka wote, naye angeondoka Amu bila kupata wageni hata siku moja.

Ndipo, katika ya tatu, ngoma kubwa zikapanda, fidla zikalia juu yake, matarumbeta yakazijibu hata vikombe vikatikisika siniani. Bi Mwanamkisi, ambaye hatukumwona chozi tangu mwanawe Yunusi azame bahari ya Mkokoni, akainuka, akakaa kwenye kiti cha mwimbaji, akalia kwa sauti. Bi Hadia akamshika bega.

"Niwate, Hadia! Miaka miwili natafuta kilio cha kunitosha."

Hakuna aliyetoka. Alipotosheka, akafanya afanyavyo kila mwenye adabu aliyeguswa na taarabu: akaenda kutuza. Akavua koja lake la asumini, akaivisha santuri. Santuri ilikuwa ingali ikizunguka. Sindano ikavunjika, nayo ndiyo ilikuwa pekee.

Asubuhi tukaenda kumpa Bwana Wafula pole. Tungefanyaje? Mtu amefikwa! Nyumba ikajaa mpaka ngazini. Bi Mwanamkisi akaja na mkate wa sinia, akamwita "mwanangu". Tangu siku hiyo mlango ule haufungwi, na Bwana Wafula analalamika kwamba hapati usingizi wa mchana.

Bwana Wafula, tunakushukuru. Mama yetu ulimpa kilio chake, na sisi ukatupa sababu ya kuingia. Nanyi nyote, ahsanteni kwa masikio yenu na kwa subira yenu.

Sahani ya mwisho, ile ya waimbaji, ingali ndani ya boksi. Tuliagiza sindano Mombasa ili tuwasikie leo. Ilifika jana.

Haiingii.