Oili Nzito Kwenye Baridi ya Kibosho

Wanachama wenzangu wa ushirika wa kahawa, wazee shikamooni. Nimeyaandika haya kwanza, maana nikisimama ulimi hunikimbia, na shule yangu mnajua iliishia wapi. Jina la mtu sitaji. Nikikosea, nikatizeni.

Lori letu, lile lililotoka jeshini baada ya vita, liliporudi kutoka gereji na beringi mpya za injini, tulikaa kujadili oili. Fundi alikuwa ametia nyepesi. Mzee mmoja akasema, "Injini hii ni mzazi, ndiyo kwanza imejifungua. Mzazi anapewa maji?"

Mwingine akadakia, "Mtori mzito wa ndizi ndio unaorudisha nguvu!"

Tukacheka, tukakubaliana. Mimi dereva sikuwa na hakika. Tukaimwaga ile, tukatia namba hamsini, nzito kuliko zote dukani.

Ndugu zangu, nawaambia, mjini kwenye joto lilikwenda vizuri. Lakini lilikuwa likilala huku juu, na Julai mnaijua. Asubuhi hendeli ya kuwashia ilikataa kuzunguka, kama imeshikwa na mtu upande wa pili. Injini ikishawaka, mshale wa presha ya oili unapanda hadi mwisho. Tukafurahi, tukakanyaga mafuta ipate joto upesi. Chini kukaanza kugonga: ko, ko, ko. Ikipata joto, mlio unapotea. Kila wiki ulichelewa zaidi kupotea.

Alfajiri moja mke wangu alishikwa na uchungu, mtoto amekaa vibaya. Tukamlaza nyuma juu ya magunia. Safari hii mlio haukupotea. Akaniita, "Baba watoto, nini kinagonga?" Nikamwambia ni mawe. Karibu na daraja injini ilikaza, ikanyamaza. Nikausikia mto, na yeye.

Wenzetu walikuja, wakambeba kwa machela hadi mjini. Yeye alipona. Mtoto hakupona. Siwezi kusema aliuawa na oili. Daktari hakusema hivyo.

Fundi alinionyesha beringi zilivyolika. "Bwana dereva, presha ilipanda kwa sababu oili ilikuwa imekwama, haipiti. Beringi mpya zimebana, zinataka oili inayowahi kufika. Kwenu baridi, tia namba thelathini. Ikiwaka, iache ingurume taratibu, usikanyage."

Nikaacha udereva. Nikisikia mtu anatwanga, natoka nyumbani. Ni mke wangu aliyeniambia, "Ule mlio unaujua wewe. Ukimwachia mwingine, atautambuaje?" Nikarudi.

Nawashukuru fundi, mke wangu, na ninyi ambao hamkunifukuza. Na nisipunje haki: mzee aliyesema habari ya mzazi ndiye aliyeshika machela mbele, toka darajani hadi hospitali, akakataa kupokewa.

Ninachowaomba ni hiki. Oili tuulize baridi ya mahali lori linapolala, tusiulize matumbo yetu. Na kesho tukishusha kahawa, nikishawasha nitaisikiliza injini kidogo kabla ya kuondoka. Ninyi wa nyuma msigonge bodi kunihimiza. Nitashindwa kujua ni nani anayegonga.