Nani Alikunywa Siku Kufuli Alipofunguka

Apa kwanza. Weka mkono kifuani useme haya hayatakutoka hata vidole vikibanwa mlangoni. Umeapa? Haya. Mimi pia niliapishwa, mbele ya picha ya Bikira Maria wa Altagracia, mshumaa unawaka, na ahadi yangu niliishika tangu Alhamisi jioni mpaka Jumamosi asubuhi. Kwa mwanamke wa umri wangu, mwenye majirani kila upande, hiyo ni saumu ya kutosha.

Benchi lenyewe unalijua, lile la Eneria pale kona ya duka, mkabala na kiwanda cha sukari kilichokufa. Ubao mmoja mrefu juu ya matofali, umeng'aa kwa makalio ya vizazi vitatu. Eneria anachuja kahawa kwa kitambaa, anatia kungumanga kidogo, na kila mzee ana kikombe chake cha bati. Jaji, ambaye mahakamani aliwahi kuingia mara moja tu kwa kesi ya mbuzi, ana cha bluu. Redio ana cheupe. Huyo kabeba redio ya betri begani tangu ujana mpaka bega lenyewe likashuka. Mimi nina changu cha maua. Na ng'ambo ya barabara, juu ya debe lililopinduliwa, anakaa Nicasio, tunayemwita Funda. Kikombe chake kinaning'inia msumarini na hakijashushwa miaka ishirini na ushee. Eneria humpelekea kahawa kwa glasi ya plastiki, kama mgonjwa.

Kisa ni Kufuli. Jina lake la ubatizo ni Leovigildo, ila hata padri anamwita Kufuli. Alikuwa mrushaji wa besiboli, lakini si yule anayeanza mchezo akipigiwa makofi na shati lake likiwa limepigwa pasi. Yeye alikuwa yule wa mwisho. Anakaa kule nyuma ya uzio, anakaa, anatafuna, anakaa, mpaka mwenzake achoke na adui afike kizingitini, ndipo anaitwa. Kazi ya kuzima moto uliowashwa na mtu mwingine. Akiingia, mlango umefungwa.

Alijifunzia hapa hapa, enzi king'ora cha kiwanda bado kinalia na hewa yote inanuka sukari ya kuungua. Alirusha mpira wa soksi, na aliyekuwa akiudaka ni Nicasio, mkononi kavaa glavu ya boksi la maziwa. Vidole vyake vimepinda mpaka leo kwa sababu ya ile mipira. Walikuwa kama kope na jicho. Halafu Kufuli akachukuliwa Marekani, miaka mingi kwenye timu za miji midogo yenye majina ambayo Redio aliyatamka kila siku kwa namna yake, akilala kwenye mabasi, akila mikate baridi. Ligi kubwa aliionja miaka mitatu. Lakini kila Desemba alirudi kurushia timu yetu, na sisi kwenye benchi tulikuwa tukimngoja kama watu wangojao mvua.

Na tulikuwa na mwiko wetu. Redio ikitangaza tu kwamba Kufuli anatembea kuelekea kilimani pa kurushia, vikombe chini. Hakuna kunywa hata funda moja mpaka mchezo uishe. Ulianzaje, hatujui. Nadhani siku moja tulisahau kunywa kwa hofu, akashinda; mara ya pili tukakumbuka kusahau, akashinda tena. Sisi watu wa miwa, jambo likifaulu mara mbili tayari ni dini. Kahawa tuliyoinywa baridi miaka ile, ungeweza kuogeshea punda. Nasema hivi huku ninaitamani, maana hakuna kahawa tamu kama ile iliyopoa kwa ajili ya mtu.

Sasa, Jumapili ile ya fainali, na timu ya mji mkuu. Tunaongoza, Kufuli yuko kilimani. Amebaki mpigaji mmoja tu. Mpira ukapigwa, ukapaa, ukavuka uzio na ubingwa wetu juu yake. Kimya kilichoingia hapa, nilisikia sukari ikishuka ndani ya kikombe. Jaji akageuka, akamkuta Nicasio anafuta jasho juu ya mdomo.

— Huyu kanywa, alisema Jaji.

Nicasio alisema hakunywa. Nani amsikilize, watu wanalia. Kuanzia siku ile akaitwa Funda, akahamia ng'ambo. Kufuli naye kiwiko kikamsumbua, mwaka uliofuata hawakumwita, akabaki huko ughaibuni akiendesha lori la samani. Karudi mwaka huu, ndevu nyeupe, anakaa kwa dada yake. Hapiti upande wa benchi wala upande wa debe, kwa sababu hajui asalimie wapi kwanza. Na Nicasio, aliyemdakia tangu utotoni, hajamwendea. Mtu unamwendeaje uliyeambiwa umemuua?

Basi Alhamisi Jaji akaja na hukumu. Jumapili ni sikukuu ya mtakatifu wetu, wazee wetu watacheza na wazee wa shamba la jirani, na Kufuli atarusha duru ya mwisho, ya mwisho kabisa maishani, maana daktari kasema akiendelea, mkono huo hautashika hata kijiko. Benchi litahamishiwa uwanjani, na vikombe vyake. Ila Funda asiingie ndani ya uzio.

Nicasio alisikia. Barabara yenyewe upana wa mkeka. Akawa anaangalia vile vidole vyake. Eneria akamtetea kidogo, na hapo ndipo wazee walipoanza kubishana.

— Kilichomponza Kufuli ni kiwiko, alisema Redio. Kilikuwa kimeshaoza tangu Agosti. Nilikuwa nakisikia hewani.

— Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, alisema Jaji.

— Guu limetoka wapi, mzee? Nimesema kiwiko.

— Guu, kiwiko, si mifupa yote?

Redio akakubali ya mifupa, akaleta ya upepo: eti siku ile upepo uliingia uwanjani kwa mlango wa wachezaji, bila tiketi. Kisha akasema kule mji mkuu mipira waliilaza ndani ya tanuri la mikate ili ikauke iruke kama popo. Jaji hakutaka kupitwa. Akaapa kwamba mama mkwe wa yule mpigaji alizika kishungi cha jogoo chini ya kituo, pale anaposimama mpigaji, na jogoo mwenyewe alikuwa wa Kihaiti, yaani dawa mara mbili. Nikamwuliza kama ni hivyo Nicasio ana kosa gani.

— Dawa isingefanya kazi kama watu wangefunga midomo, alisema. Kikulacho ki nguoni mwako. Na mkono mtupu haulambwi.

Hiyo ya pili hakuna aliyejua inahusu nini, lakini alivyoisema, ilionekana kama ushahidi.

Pembeni alikuwa amekaa Yokasta, muuguzi mpya wa zahanati, msichana wa mji wa Baní. Ilikuwa mara yake ya pili kunywa kahawa pale. Alikuwa anasikiliza huku anapuliza kikombe.

— Samahani wazee wangu, alisema. Siku ile vikombe aliviosha nani?

Jaji akaangalia kiwanda kana kwamba king'ora kitalia. Mimi nikamwangalia Eneria, na Eneria akatuambia kahawa imekwisha, wakati birika nililiona limejaa nusu.

Jioni nikamfuata jikoni kwake, nikamsaidia kuchambua maharage. Mwanamke mwenye siri usimwulize, mchambulie maharage. Kabla sahani haijajaa akanisimamisha mbele ya Bikira, akaniapisha, akasema. Siku ile alivikusanya vikombe mwenyewe. Cha Nicasio kilikuwa kimejaa, baridi, kimefunga utando. Cha bluu kilikuwa kitupu, mashapo yamekauka chini.

— Shoga, na ulinyamaza miaka yote hii?

— Ningesemaje? Jaji ndiye aliyemshika mwanangu kwenye maji ya ubatizo. Unamvuaje nguo hadharani baba wa ubatizo wa mwanao?

Ni kweli. Hapa kwetu unaweza kugombana na ndugu wa tumbo moja, lakini si na mtu wa ubatizo. Kwa hiyo Eneria hawezi kusema, na kwa kuwa niliapa, mimi pia siwezi kusema.

Jumamosi asubuhi nilikwenda kununua mayai kwa dada yake Kufuli. Mayai kwangu yapo. Kufuli alikuwa kibarazani anakanda mkono kwa mafuta ya kafuri. Nikamwapisha, kisha nikamweleza, kikombe kwa kikombe. Hakushtuka. Aliendelea kukanda mkono bila haraka, kama mtu aliyezoea kungoja nyuma ya uzio. Nilidhani atasema habari za Nicasio. Akaniuliza benchi tutaliweka wapi.

— Popote, nikasema.

— Mwambie Eneria aliweke nyuma ya kituo cha kwanza. Kuna kivuli.

Kivuli hakipo pale. Jua linachoma mpaka mijusi inapanga foleni kuondoka. Lakini nilifikisha ujumbe.

Jumapili watu walijaa kama mchele guniani. Padri, bendi, wasichana wenye maandazi. Benchi nyuma ya kituo cha kwanza, pale mpigaji anapokimbilia, sisi juu yake tunaungua. Nicasio kasimama nje barabarani, vidole vyake vilivyopinda vimeshika waya wa uzio. Duru ya mwisho ikafika, tunaongoza kwa pointi moja, na Kufuli akatembea kwenda kilimani taratibu, kwa mwendo ule ule. Redio akasema kwa sauti ya zamani, bila redio, anakuja, jamani, anakuja. Vikombe vyote chini.

Akamtoa mpigaji wa kwanza. Akamtoa wa pili. Wa tatu akapata kituo cha kwanza, akaanza kunyemelea kuiba cha pili, yaani kukikimbilia kabla mpira haujapigwa, mzee mzima kajikunja kama paka. Akaja mpigaji wa mwisho, mkubwa kama mlango wa kanisa. Bendi ilinyamaza. Hata maandazi yaliacha kuuzwa. Kufuli akainama, akamtazama mpigaji, akavuta pumzi.

Halafu akageuka ghafla, kama kijana wa miaka ishirini, akautupa mpira kituo cha kwanza kumnasa mwizi.

Na besiboli ina jambo moja: mpira ukienda, macho ya watu wote yanaufuata. Uwanja mzima ulitazama kituo cha kwanza. Mkimbiaji alijitupa chini, akarudi salama, vumbi likatimka. Vumbi lilipotulia, nyuma yake palikuwa na benchi. Kikombe cha Redio kilikuwa chini. Cha Yokasta, chini. Changu, chini. Jaji alikuwa kainua kichwa nyuma, kikombe cha bluu kimemfunika pua, na koromeo lake linapanda na kushuka, linapanda na kushuka.

Kufuli hakuomba mpira urudishwe. Alisimama tu kilimani, mikono kiunoni, anangoja. Kazi ya kungoja anaijua.

Jaji akakishusha kikombe polepole. Masharubu yalikuwa yanadondoka kahawa. Akamwangalia padri, akatuangalia sisi, mwisho akamwona Nicasio pale nyuma ya waya.

— Ilikuwa inapoa, alisema.