Sifa ya Tano

Ndugu waombolezaji, majirani na wote mlioacha shughuli zenu kuja kutushika mkono, mimi ni binti mkubwa wa marehemu, familia imenituma nisome wasifu wake, nanyi mnivumilie sauti ikikatika.

Baba alizaliwa tarehe 9 Juni 1957, katika chumba cha kupanga nyuma ya kiwanda cha sabuni, mtoto wa fundi saa, akamaliza sekondari mwaka 1975, akasomea ufundi wa vifaa vya hospitali, na tarehe 2 Februari 1980 akaajiriwa katika maabara ya chuo kikuu, ambako kwa miaka thelathini na saba aliwavisha watu kofia ya nyaya, akawasomea mema na mabaya yaliyosemwa juu yao, huku mashine ikichora jinsi ubongo unavyoshtuka.

Wahenga walisema maneno makali hayavunji mfupa, baba akicheka kwamba hawakuziona karatasi zake, maana mstari uliruka zaidi kwa lawama kuliko kwa sifa, hivyo alipomwoa mama tarehe 18 Desemba 1982, nasi watatu tukazaliwa, aliweka sheria kwamba mtu asilaumiwe kabla hajasifiwa mara tano, na kitinda mimba wetu akawa anamwita baba mzuri, mpole, msafi, mrefu, asiyekoroma, jambo ambalo mama hulikanusha, ndipo aseme viatu alivyonunuliwa vinambana. Mtaa mzima ukamwita Mzee Tano.

Ni mimi niliyeivunja sheria hiyo, tarehe 12 Agosti 2023, alipomruhusu mwanangu kuacha chuo, nikamwambia mbele ya wageni kwamba anajua ubongo wa kila mtu ila kulea hakujua, naye akakusanya vikombe akaenda kuviosha.

Tarehe 26 Februari 2025 alipatwa na kiharusi, ulimi ukafa na upande wa kulia pia, nami kila Jumapili nikaenda hospitali na sifa moja, akawa anakunja kidole kimoja cha mkono wa kushoto, hadi vikawa vinne, gumba likabaki wima, akafariki asubuhi ya Ijumaa, tarehe 28 Machi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliopokezana kukaa na mama, na wenzake wa maabara waliomnyoa ndevu kila wiki.

Ya tano niliiweka kwa Jumapili hii, baba, nayo ni kwamba ulijua kulea. Kunja gumba, upumzike kwa amani.