Hosea Kipsang Kibii, Mpiga Gita wa Nakuru (1989–2025)

Wasifu huu unasomwa kutoka karatasi tatu zilizoandikwa kwa mkono, wala si kutoka kijitabu kilichogawiwa langoni. Waombolezaji wanaombwa wawe na subira. Sababu itaelezwa mahali pake. Anayeusoma ni baba mkubwa wa marehemu, ambaye katika maelezo yafuatayo ataitwa Mwalimu, kwa kuwa ndivyo marehemu alivyomwita tangu utotoni.

Hosea Kipsang Kibii alizaliwa siku ya Jumanne, tarehe 14 Machi 1989, katika nyumba ya mbao iliyokuwa nyuma ya kiwanda cha kupasulia magogo, hapa Elburgon. Alikuwa mtoto wa pekee wa marehemu Kibii na Mama Emmy Cherop. Mwaka 1995 baba yake aliangukiwa na gogo katika msitu wa Mau, akafariki papo hapo. Tangu siku hiyo Kipsang na mama yake waliishi katika boma la Mwalimu, ambaye ni ndugu mkubwa wa Kibii.

Alianza darasa la kwanza Januari 1996, katika shule ya msingi ambayo Mwalimu alikuwa mkuu wake. Kengele ya shule hiyo ilikuwa kipande cha reli kilichoning'inizwa kwenye mkaratusi, na alipofika darasa la sita Kipsang alikabidhiwa kazi ya kuigonga. Asubuhi moja ya mwezi Juni wanafunzi wote waliingia mstarini wakicheza. Kipsang alikuwa ametafuta misumari miwili, mmoja mnene na mwingine mwembamba, akaifanya reli iimbe. Mwalimu alimnyang'anya kazi hiyo, akampa mwanafunzi aliyegonga inavyopasa. Kwa wiki nzima iliyofuata shule ilichelewa kukusanyika. Jumatatu Mwalimu alimrudishia Kipsang misumari yake. Kipsang alifanya mtihani wa darasa la nane mwaka 2003, kisha akasoma sekondari Njoro kuanzia 2004 hadi 2007.

Baada ya shule alifanya kazi ya kupanga mbao kiwandani kwa miaka mitatu. Gita lake la kwanza alilitengeneza kwa vipande vya mbao vilivyotupwa, debe la mafuta ya kupikia na waya za breki za baiskeli. La pili alilinunua kwa mshahara wake. Mwalimu alikuwa amemtafutia nafasi katika chuo cha ualimu, na siku ya kuripoti ilikuwa Jumanne, tarehe 11 Januari 2011. Asubuhi hiyo Kipsang alitoka nyumbani akiwa amebeba gita tu.

"Sanduku liko wapi?" Mwalimu aliuliza.

"Nimeliacha, Mwalimu. Mimi naenda Nakuru kuimba."

"Kuimba kanisa gani?"

"Barabarani."

"Basi jina la Kibii usiliimbe barabarani. Na siku ukirudi, urudi bila hilo dude."

"Nimesikia, Mwalimu."

Alisikia kweli. Kwa miaka kumi na minne hakulitaja jina la baba yake mbele ya umati. Mjini alijulikana kama Kipsang wa Obura, kwa sababu aliyempokea alikuwa Mzee Obura, mpiga nyatiti, kile kinubi cha Wajaluo, aliyezaliwa katika nyumba za wafanyakazi wa reli Nakuru. Wawili hao walikaa karibu na steji ya magari kila siku isipokuwa Jumapili, Mzee Obura akikalia debe naye Kipsang akisimama. Mama Emmy alimruhusu msomaji aseme leo kwamba alimtembelea mwanawe mara nyingi huko mtaa wa Rhonda, alikoishi, huku akiaga nyumbani kwamba anaenda kliniki.

Siku ya Jumatano, tarehe 15 Agosti 2018, Mwalimu alikuwa Nakuru kwa shughuli ya pensheni yake. Alipita karibu na steji, akasikia gita, akasimama nyuma ya watu. Mzee Obura, ambaye hakumfahamu, alimwona.

"Wewe mzee wa koti!" aliita. "Umesimama kama askari amekuja kutushika. Sogea mbele, hapa hatuna kiti cha askofu!"

Watu walicheka. Kipsang aligeuka, akamwona, akaacha kupiga.

"Boss, huyo ni nani wako?" kijana mmoja alimwuliza.

Mwalimu alisubiri jibu. Kipsang alikuwa amekatazwa kutaja jina la nyumba yake barabarani, na hapo palikuwa barabarani.

"Ni mwalimu wangu," alisema. "Alinifundisha kuja mapema."

Mwalimu aliondoka bila kumpa mkono. Inafaa jambo hilo lijulikane na wote waliokuja kumzika, maana hawakuonana tena.

Sasa ni mahali pa kueleza habari za kijitabu.

Marehemu aliugua ugonjwa wa moyo. Daktari alieleza kwamba moyo ulidhuriwa na homa ya utotoni. Kuanzia mwaka 2022 alipungukiwa na pumzi, akawa anapiga gita akiwa ameketi, naye Mzee Obura akamwachia debe. Alilazwa hospitalini Nakuru tarehe 2 Februari mwaka huu. Jumatatu, tarehe 17, Mwalimu alipigiwa simu.

"Shikamoo, Mwalimu. Ni Namalwa, mama Chelangat, wa huku Rhonda. Kipsang anauliza kama utakuja."

"Nitakuja Alhamisi," Mwalimu alijibu, kana kwamba anapanga mkutano wa wazazi.

Alifika Alhamisi, tarehe 20 Februari, saa tano asubuhi. Kipsang alikuwa amefariki saa tatu na robo, akiwa na umri wa miaka thelathini na mitano, miezi kumi na moja na siku sita. Namalwa alikuwa mlangoni mwa wodi, ameshika shuka iliyokunjwa.

"Aliacha neno lako," alisema. "Alisema, 'Mwalimu ndiye huandika wasifu wa watu wote Elburgon. Mwambie katika wangu asiruke kitu.'"

Siku tatu baadaye, Jumapili, kamati ya mazishi ilikutana hapa nyumbani. Mwenyekiti wake ni Bwana Kigen, ndugu mdogo wa Mwalimu. Rasimu ya wasifu ilisomwa ikafika kwenye ndoa.

"Mwalimu, hapo ruka tu," Bwana Kigen alisema. "Andika hakuoa. Sisi hatukuenda kwao."

"Na watoto?"

"Watoto ni wa mama yao. Tukiwasoma leo, kesho watatuuliza shamba la Kibii. Na huko kuimba weka 'mfanyabiashara', watu wasitucheke."

Mwalimu alinyamaza, na kijitabu kikachapishwa hivyo. Kosa la kunyamaza si la kamati. Ni la Mwalimu.

Kwa hiyo, wenye vijitabu wafungue ukurasa wa tatu, na mwenye kalamu asahihishe. Mstari wa nne unasema marehemu alikuwa mfanyabiashara. Si kweli. Alikuwa mwanamuziki wa barabarani, na kwa kazi hiyo alilisha nyumba yake bila kumwomba mtu yeyote wa boma hili. Mstari wa saba unasema hakuoa. Si kweli. Tarehe 4 Mei 2015 marehemu aliandika barua akiwaalika watu wa nyumba yake waende Rhonda, kwa wazazi wa Namalwa. Barua ilifika. Mwalimu aliisoma mara mbili, akaifungia katika droo ya meza yake, hakumwambia mtu. Ndugu zake hawakukataa kwenda. Hawakualikwa, kwa sababu mwaliko ulifichwa. Hii hapa barua yenyewe, Bwana Kigen anaweza kuiona.

Siku ya Jumamosi, tarehe 13 Juni 2015, Kipsang alienda kwa wakwe zake akiwa na Mzee Obura pamoja na mpiga ngoma mmoja wa steji, Omolo. Mzee mmoja wa kule aliuliza, "Huyu kijana ni Mkalenjin, na wewe ni Mjaluo. Wewe ni baba yake wa namna gani?" Mzee Obura alijibu, "Ni yule aliyekuja." Mahari ikapokelewa, watu wakala. Mwaka 2016 walimpata Chelangat. Mwaka 2019 walipata mtoto wa kiume, na lile jina ambalo marehemu alikatazwa kuliimba, akampa mwanawe. Anaitwa Kibii.

Marehemu ameacha mjane, Namalwa. Ameketishwa katika hema la wageni tangu asubuhi. Anaombwa sasa aje hema la mbele pamoja na watoto wake, na walio mstari wa kwanza wainuke. Ameacha watoto wawili, Chelangat na Kibii. Sehemu ya shamba ya babu yao, kuanzia mtaroni hadi kwenye mstari wa mikaratusi, ni yao, na Mwalimu ametamka hivyo mbele ya chifu na mbele yenu nyote. Ameacha mama yake, Emmy Cherop, ambaye hatahitaji tena kuaga kwamba anaenda kliniki. Ameacha baba, Mzee Obura. Ameacha baba mdogo, Bwana Kigen. Wa mwisho katika orodha hii, kwa mpangilio wake mwenyewe, ni Mwalimu.

Gita la marehemu liliachwa garini, nje ya lango, kwa sababu ya agizo la mwaka 2011. Agizo hilo limeondolewa. Omolo, lilete ndani. Mzee Obura, tafadhali sogea mbele, kiti kipo.

Hosea Kipsang, mwana wa Kibii, hakuna kilichorukwa. Pumzika sasa kwa amani.