Flaviana Aliyepimwa kama Bata Wake

Baba Padri, ndugu waombolezaji mliofika hapa Mansfield, Marekani, nanyi mnaotufuata kwa simu kutoka Kamachumu pamoja na mama yetu Ma Avelina, mimi ni Erick, mdogo wa marehemu, wengi mnanijua kwa kelele za kwenye harusi, na leo familia imeniomba nisome taratibu, nisiongeze chumvi.

Flaviana Kamugisha alizaliwa tarehe 12 Machi 1977 huko Kamachumu, wilaya ya Muleba, mkoa wa Kagera, mtoto wa kwanza wa Ta Kamugisha na Ma Avelina. Alisoma shule ya msingi palepale nyumbani, kisha sekondari Bukoba mjini, na alikuwa bado shuleni mwaka 1994 baba yetu alipofariki, baada ya kuvimba miguu na kukataa chakula, na kwa kuwa jirani yetu Ta Rwegoshora alikuwa amemletea rubisi, pombe yetu ya ndizi, bila kuionja kwanza mbele yake, kama desturi yetu inavyotaka, ikasemwa amemlisha sumu, watu wakaacha kumsalimia, mkewe akakosa wa kuteka naye maji, mpaka wakahamia Karagwe, na huko ndiko mzee yule alikofia. Siku wanapakia vitu vyao, aliyekwenda kuwapa mkono ni Flaviana peke yake.

Alihitimu shahada ya kemia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2001, akaja Houston mwaka 2004 kwa shahada ya pili, akapanga mtaa wa Gulfton na wasichana wawili Wakongomani, na mwaka 2008 akaajiriwa na maabara moja ya Carrollton, kupima madini yenye sumu, yaani risasi, zebaki na kadimiamu, katika damu na maini ya bata wa mwituni wa bahari za kaskazini, wanaotaga kule Alaska na kupiga mbizi kutafuta chaza. Nyumbani ikaenea kwamba Marekani wamempa kazi ya kufuga bata, Ma Avelina akawa anauliza wametaga mangapi, na dada anajibu, "Mama, wangu hawatagi, wananifikia ndani ya barafu." Lakini alitueleza pia jambo ambalo mimi, mtu wa mizaha, sijaweza kulifanyia mzaha, kwamba bata jike humeza punje za risasi zilizoachwa matopeni na wawindaji, risasi ikajificha mifupani, ndege akaonekana mzima kabisa, na siku anapoatamia bila kula, mwili ukaanza kujila wenyewe, risasi ile ya zamani hutoka mfupani na kurudi kwenye damu, naye ametulia tu juu ya mayai.

Tarehe 17 Julai 2010 alifunga ndoa na Patroba Odera, muuguzi, mzaliwa wa Siaya, Kenya, mwanamume anayejua kupika kuliko wanawake wote wa ukoo wetu, na mniwie radhi, wakajaliwa watoto wawili, Shalom mwaka 2012 na Clara mwaka 2015.

Mwezi Februari 2025 alivimba miguu, akaanza kukataa chakula, akawa anasema kila anachopikiwa na Patroba kina ladha ya chuma, neno ambalo mama mdogo Bertila, aliyekuja kumuuguza kutoka Houston, alilisikia mezani na kulifikisha Kamachumu kabla sahani hazijaoshwa. Kutoka Kamachumu likarudi limenenepa, kwamba Mkenya anamwekea mkewe sumu ya wale bata, na dada akifa watoto wachukuliwe wapelekwe kwa Bertila. "Mkwe wangu, kwetu mpishi huonja kwanza," mama mdogo akamwambia, na Patroba akaonja, kijiko baada ya kijiko, kila mlo, na Flaviana akawa anageukia ukutani ili asimwone.

Ndipo akamwambia daktari wake, "Nipime kama ninavyowapima bata, na majibu uyaseme hapa, wote wakisikia." Daktari aliyasema tarehe 6 Septemba, simu ikiwa wazi mpaka kwa mama, kwamba risasi, zebaki na kadimiamu hazikuwa na kiwango cha kumdhuru mtu, kwamba figo zake zimejaa vifuko vya maji, ugonjwa wa kurithi, na ile ladha ya chuma ni taka ambazo figo zimeshindwa kuzitoa. Akauliza kama kuna mzazi aliyewahi kuvimba na kukataa chakula. Mama, kule kwenye simu, akalitaja jina la Ta Rwegoshora, akakata.

Licha ya kusafishwa damu kila wiki, moyo ulichoka, na Flaviana alifariki tarehe 14 Novemba 2025, hospitalini Fort Worth, Patroba akiwa amemshika mkono. Mimi na watoto tumeshauriwa tupimwe figo, na tutapimwa, ingawa naogopa.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani wa Mansfield waliotufungulia nyumba zao, na wenzake wa maabara, wanaotuambia kwamba masanduku ya kutoka kaskazini bado yanafika, yameandikwa jina lake.

Agizo lake la mwisho lilikuwa kwamba chakula cha leo apike mumewe, na mtu yeyote asimwambie aonje. Kwa hiyo tukitoka makaburini, sufuria itafunuliwa na mama mdogo Bertila, kwa kuomba mwenyewe, nami nitamfuata. Ma Avelina ametuma neno asubuhi hii kwamba watoto wabaki na baba yao, na kwamba mtu aende Karagwe kwa wana wa Ta Rwegoshora, ambao hatujui kama watampokea.

Upumzike kwa amani, dada Flaviana, kijiko cha kwanza tunakichukua sisi.