Kipande cha Saba, Tunaendelea

Benchi letu ni ubao mmoja uliolazwa juu ya matofali, hapa Majengo, kati ya meza yangu ya kushonea viatu na banda la gemu la Fulgence. Wenye haki ya kulikalia ni wanne. Makarius tunamwita Kipaza, kuli mstaafu wa ghala la mahindi, mtu ambaye hajawahi kunong'ona tangu abatizwe. Mzee Otto ndiye Mizani, kwa sababu kwa miaka ishirini na sita alikuwa akiandika uzito wa mizigo kwenye ghala hilo hilo. Kassimu ni Myao wa Tunduru, mwenye birika la kahawa na sinia la kashata. Fulgence mwenyewe ni Refa, maana ndiye anayeamua nani kamchezea nani rafu kwenye kioo. Mimi nakaa kwenye kigoda changu, nasikiliza, na sitaki mtu aguse gundi yangu. Jumamosi hiyo kahawa ilikuwa ndiyo kwanza imechemka, Refa akatoka bandani amejishika kichwa.

Refa: Jamani, imekataa!

Kipaza: Nani kakataa? Yule mchumba?

Refa: Mchumba wa wapi, mzee! Eksteno. Ile diski ya kuchomeka ya marehemu kaka Ignas imekataa gemu.

Ignas hakuwa mtu wa kutajwa ovyo. Ndiye aliyekuwa akipiga video za harusi na ubatizo kuanzia hapa mjini mpaka vijiji vya Tunduru. Alifariki mwaka jana watu wakiwa kwenye mavuno. Kazi yake yote imo kwenye kile kidude cheusi kinachoenea kiganjani, na mjane wake, Notburga, alikuwa amemwazima Refa kwa sharti moja: nafasi tupu itumie, vitu vya Ignas usiguse. Refa naye alikuwa amebanwa. Kesho yake, baada ya misa ya pili, alikuwa na mashindano ya gemu jipya la mpira, watu kumi na sita wamejiandikisha. Gemu lisipokuwepo, wote wanahamia Mjimwema kwenye banda jipya lenye kioo kikubwa kama mlango.

Kassimu: Imejaa hiyo. Mwache marehemu na vitu vyake.

Refa: Haijajaa! Imebaki na gigabaiti mia saba tupu. Gemu ni faili moja la gigabaiti thelathini na nane. Nikilisukuma inaniambia faili ni kubwa mno.

Kassimu: Subhanallah. Mia saba inashindwa na thelathini na nane?

Refa: Na angalia hii nyingine. Ya Rosemary wa duka la kompyuta pale stendi. Umbo moja, rangi moja, ukubwa mmoja. Hii imelibeba bila kelele, ila anaitaka saa saba.

Akaziweka mbili zile kwenye benchi. Tukazikodolea macho. Hata mimi niliacha sindano kwenye soli. Mapacha kabisa, mmoja anakula, mwenzake amefumba mdomo.

Kipaza: Nawaambia, hiyo inaomboleza. Mwaka haujaisha bado. Imezoea mkono wa Ignas, leo inashikwa na mkono wa mtu mwingine, unategemea nini?

Kassimu: Wala si hivyo. Humo ndani mna ndoa. Mna nikaha ya mpwa wangu Nasrin kule Namasakata, mna misa za mapadri. Mambo ya ibada hayo! Wewe unataka kumwagia gemu juu yake. Itakubali vipi?

Kipaza: Sasa mbona kwenye harusi hizo watu walicheza mpaka wakavunja viti?

Kassimu: Walicheza baada ya dua!

Mimi nikasema, maana uvumilivu una mwisho wake: "Jaribuni kitu kingine basi, kuliko kubishana kama mnagombea kiti." Refa akaleta kompyuta mpakato yake nje. Akaingiza wimbo mmoja, ukapita. Kassimu akasema wimbo ni wa kwaya, ndiyo maana. Akaingiza filamu ya ngumi ya gigabaiti mbili, ikapita pia, damu na matusi yake yote. Kassimu akajimiminia kahawa. Filamu ya gigabaiti tatu na ushei ikapita. Ya tano ikagoma.

Kipaza: Hee! Yesu na Maria! Rudia.

Refa akarudia. Tatu na ushei, inapita. Tano, hapana.

Kipaza: Ina koo! Nawaambia ina koo, na koo lake linaishia kwenye nne. Tumbo pipa, koo sindano.

Hapo Mzee Mizani akasogea mbele. Akaweka kikombe chini, taratibu, kama alivyokuwa akiweka mawe ya mizani enzi zake.

Mizani: Siyo koo. Ni fomu.

Kipaza: Fomu gani tena, mzee?

Mizani: Unakumbuka mwaka ule lori la tani kumi na mbili lilipokuja kutoka Namtumbo? Ghala lilikuwa tupu, mnacheza mpira ndani.

Kipaza: Nisikumbuke? Nilishusha nusu, mkaniambia simama. Nikasimama juani na gunia begani. Baadaye mkasema endelea. Mpaka leo sijui nilikosa nini.

Mizani: Hukukosa. Fomu ya kupokelea mzigo ilikuwa na visanduku vinne vya tarakimu. Mwisho wake kilo elfu tisa mia tisa tisini na tisa. Tani kumi na mbili ni tarakimu tano. Ghala ninalo, kalamu ninayo, pa kuandika sina. Bosi akasema mzigo usioandikika haujafika. Ikabidi tuupokee mara mbili, fomu mbili.

Kipaza: Mzee Otto! Miaka yote hiyo, kumbe nilikuwa nimesimama juani kwa sababu ya kisanduku?

Mizani: Kisanduku kimoja. Na hiyo eksteno nayo, naona, mwenye fomu yake aliweka visanduku vichache.

Kipaza alicheka mpaka akamwaga kahawa karibu na gundi yangu, nikamwonya. Kwamba ndani ya kidude kile kuna karani na fomu! Refa, kwa kukata tamaa tu, akampigia Rosemary na kuweka sauti kubwa. Akamweleza habari ya visanduku, akitegemea kuchekwa.

Rosemary: Nani kakwambia hivyo?

Refa: Mzee Otto, hapa kijiweni.

Rosemary: Kasomea wapi kompyuta?

Refa: Ghalani.

Rosemary: Basi mpe shikamoo yangu. Ndivyo ilivyo hasa. Hiyo imefomatiwa, yaani imepangwa ndani, kwa mtindo wa zamani, FAT32. Sehemu inayoandika ukubwa wa faili inaishia gigabaiti nne. Diski iwe tupu vipi, faili moja likizidi hapo haliandikiki. Yangu ni ya mtindo mpya.

Hakuna aliyecheka. Kipaza alimgeukia Mizani akamtazama kana kwamba anamwona kwa mara ya kwanza. Mizani akaomba kashata.

Refa: Dada Rosemary, naibadilishaje?

Rosemary: Ukiifomati, vyote vinafutika. Kuna amri ya kuigeuza bila kufuta, lakini umeme ukikatika katikati unaweza kupoteza kila kitu, kwa hiyo nakili kwanza vilivyomo. Na ujue ukishaigeuza, runinga nyingi za zamani hazitaisoma. Ignas aliichagua hiyo makusudi, ili huko vijijini wachomeke waone harusi zao.

Refa akakata simu. Hakuwa na mahali pengine pa kunakili, kompyuta yake yenyewe ilikuwa imejaa. Kidole chake kilikuwa juu ya kompyuta, kinaelea, na saa ilikuwa inakwenda. Sitaficha: nilimwona akitamani kuigeuza hivyo hivyo. Watu kumi na sita si mchezo kwa banda dogo.

Ndipo Notburga akatokea na kikapu chake, anatoka sokoni.

Notburga: Shikamooni wazee.

Sisi sote: Marahaba, mama.

Refa akasimama haraka kama aliyekutwa anaiba.

Refa: Shemeji, karibu. Sijagusa kitu.

Notburga: Sijauliza. Nimekuja kuomba. Kesho ndiyo misa yake ya mwaka. Nyumbani nina ile runinga yetu ya zamani, nataka watoto wamwone baba yao. Nitafutie kipande alichomo yeye.

Refa akafungua. Video zilikuwa nyingi mpaka zikatuchosha macho, na kila harusi imekatwa vipande. Harusi ya Dorine peke yake, vipande kumi na moja. Tukafungua hiki, tukafungua kile, katikati, mwishoni. Maharusi, keki, akina mama wanacheza, Kipaza mwenyewe yumo anakula. Ignas hayumo. Atakuwaje? Kamera alishika yeye. Notburga alikuwa ameinama nyuma ya Refa, kikapu bado mkononi, na mimi sikuweza kumtazama usoni.

Mizani: Vimekatwa kwa nini?

Refa: Kamera yake ndivyo ilivyokuwa. Ikifika gigabaiti nne inajizima, anaiwasha upya.

Mizani: Basi msifungue katikati. Fungueni pale anapowasha.

Refa akabonyeza mwanzo kabisa wa kipande kimojawapo. Kioo kikatikisika, giza, kidole kikapita, kisha sauti, karibu sana, kama mtu aliyekaa nasi benchini:

"Kipande cha saba, tunaendelea. Padri, samahani, malizia baraka."

Notburga akaketi. Benchi halina nafasi ya mwanamke na kikapu, Kipaza akainuka bila kuambiwa. Refa akafungua kingine. "Kipande cha pili, tunaendelea. Bi harusi, huku." Kingine. "Kipande cha nne, tunaendelea. Jamani, nani ana maji?" Kwenye kimoja aliigeuza kamera apanguse kioo kwa shati, na uso wake ukajaa mbele yetu, jasho, meno, lile pengo lake. Akatutazama. Akasema, "Kipande cha tisa." Kassimu alitamka "Inna lillahi" polepole. Vipande vyote hivyo, na mwanzoni mwa kila kimoja yupo.

Refa: Vipo mia mbili na kumi na nane, shemeji.

Akazima kompyuta, akachomoa eksteno, akaipangusa na kumkabidhi Notburga kwa mikono miwili. Nikamuuliza: na mashindano?

Refa: Watacheza lile gemu la zamani. Anayetaka Mjimwema, barabara ipo.

Notburga alikishika kile kitu kwenye kiganja kwa muda mrefu. Kisha akatuuliza, wala hakuwa analia, alitaka kujua tu.

Notburga: Sasa hiyo kamera yake, ingekuwa haikatizi, inachukua harusi nzima bila kuzima, sauti yake ningeipata wapi?

Kipaza akamshikia kikapu. Tukamtazama Mzee Mizani, yeye akamsogezea sinia la kashata. Kassimu akamwekea Notburga kikombe, akainamisha birika juu yake, ikatoka nusu tu, akasema kahawa imekwisha.