Nyumba ya Kadutu

Kila Jumamosi asubuhi, mbele ya duka la unga wa muhogo huko South End, Louisville, Marekani, wanaume watatu hukalia benchi moja na kuiendesha Kongo. Polycarpe, aitwaye Waziri ingawa kazi yake ni kupakia maboksi ghalani, hushika serikali. Samsoni, Mrundi aliyekulia kambini Tanzania akabaki na jina la Kambi, hushika upinzani na termosi ya kahawa. Bagula kwa kawaida husikiliza tu. Jumamosi hiyo alikuja na neno lake, maana redio ilikuwa imetangaza kwamba wakubwa wameweka sahihi mkataba wa amani, na yeye ana nyumba Bukavu, mtaa wa Kadutu, aliyoijenga kabla ya kukimbia.

— Bon, vita imeisha, — Waziri alianza. — Kazi ya kwanza ni basoda, hawa askari wote. Kila mutu analeta bunduki, anapewa chepe, anatengeneza barabara.

— Watalishwa na nani? — Kambi aliuliza.

— Na bariere, vile vizuizi vya barabarani. Wale wote wanaokula pesa ya bariere, tunawapa uniforme na risiti. Ni vilevile, lakini iko na risiti.

— Na majenerali? Kila mmoja atataka wizara.

— Tunaongeza wizara. Wizara ya Madaraja, upande wa kushoto. Wizara ya Madaraja, upande wa kulia.

— Na daraja lenyewe?

— Donc, sasa unaleta siasa.

Kambi akamimina kahawa, akafikiri.

— Mimi ningejenga ghala moja, kutoka Uvira mpaka Bukavu. Waasi wanapakia maboksi Uvira, serikali inapakua Bukavu, kisha wanayarudisha. Nani atapata nafasi ya kupigana?

— Ndani ya maboksi kuna nini?

— Wewe unajua kilichomo kwenye unayopakia hapa?

Waziri hakujua. Hoja ikapita.

— Mimi narudi, — Bagula alisema.

Wote wakamgeukia.

— Nafungua mlango wangu, naweka duka ya misumari na mabati. Si ni amani? Donc, watu watajenga.

Alikuwa ameyarudia maneno hayo wiki nzima kiwandani anakofanya kazi, na sasa kuyasikia yakitoka kulimpa raha.

Kwenye ncha ya benchi alikaa Mizero, mama aliyehamia mtaani mwezi huo huo, akingoja basi na mfuko wake wa unga.

— Samahani, papa. Kwa sasa mule ndani ya nyumba yako kuna nani?

— Mama mmoja na watoto. Walikimbia vita, mdogo wangu akawaonea huruma. Kijiji chao kilichomwa chote.

— Sasa amani ikija, wao wataenda wapi?

Kambi alimtazama Waziri. Waziri akamnyooshea kikombe aongezewe kahawa. Basi likafika, Mizero akaaga kwa adabu, akapanda.

Bagula akatoa simu, akampigia mdogo wake Bukavu.

— Yule mama wa kule nyumbani, — aliuliza, — anaitwa nani?

 Mdogo wake akamwambia angoje kwanza, yeye aende akamuulize.